Afisa wa Kupitia Magazeti Hayupo

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na wakili, yaani mtu ambaye angeweza kufungua sheria yenyewe akajisomea: yule afisa wa serikali anayepitia habari zenu kabla hazijaenda mtamboni, anakaa humo humo ofisini kwenu au mnampelekea kurasa? Nimeshaulizwa hivyo na shangazi zangu, na madereva wa bodaboda, na hata wanafunzi wa uandishi wa habari waliokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Wote huonekana kutoridhika ninapowajibu kwamba afisa huyo hayupo, kwa sababu wanadhani nimeogopa kusema.

Hayupo. Tangu nianze kushika zamu ya usiku kama mhariri wa gazeti hapa Dar es Salaam, kurasa hutoka kwa msanifu zikaenda kiwandani bila mtu yeyote wa Idara ya Habari, MAELEZO, kuziona. Wao huziona asubuhi kama wewe, zikiwa zimepangwa kwenye meza ya muuza magazeti. Kama neno langu halitoshi, angalieni Agosti 2021: gazeti la kwanza kusimamishwa chini ya Rais Samia Suluhu Hassan lilikuwa Uhuru, mali ya chama tawala chenyewe, kwa habari ya ukurasa wa mbele iliyodai kwamba Rais hana wazo la kugombea 2025. Lilifungiwa siku 14. Laiti kungekuwa na afisa wa kupitia kurasa, naamini kazi yake angeianzia hapo.

Utaratibu wetu ni wa kuacha gazeti litoke, kisha kuadhibu, nao tumeurithi kutoka kwa Mwingereza. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa hapa hapa mjini kwa kosa la jinai la kashfa, kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU iliyowagusa mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, akatiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Mtu angetarajia kwamba sheria iliyomtia kizimbani mpigania uhuru ingezikwa pamoja na bendera iliyoteremshwa. Haikuzikwa. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti bila kupitia mahakamani, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyokuja kuifuta, bado ilikuwa na makosa ya kashfa na uchochezi. Frene Ginwala, ambaye Mwalimu alimkabidhi gazeti la The Standard baada ya kulitaifisha Februari 1970, aliondolewa mwaka uliofuata kwa tahariri iliyomkosoa Rais Nimeiri wa Sudan. Tahariri ilichapwa kwanza, adhabu ikafuata.

Yule wakili aliposikia hayo alisema, basi afadhali. Hapana, ndugu yangu, si afadhali. Afisa wa kukagua kabla angekuonyesha sentensi asiyoitaka, ungebishana naye, ungeitoa au ungeitetea, na usiku ungelala ukijua ulipo. Sisi tunacheza mpira ambao mistari ya kiwanja huchorwa baada ya filimbi. Septemba 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Februari 2019 The Citizen lilifungiwa siku saba kwa habari ya kushuka kwa shilingi. Ukizipanga adhabu hizo mezani ukajaribu kutunga kanuni itakayomwambia mhariri wa zamu, saa nne usiku, nini kiachwe na nini kichapwe, hutaipata. Nimejaribu.

Mambo ya kisheria nitayapita haraka, kwa kuwa yanapatikana. Tangu sheria ya 2016 na kanuni zake, gazeti haliishi tena kwa usajili wa mara moja bali kwa leseni inayohuishwa kila mwaka. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 magazeti manne, Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima, yalifunguliwa, na mwaka 2023 sheria ikarekebishwa. Marekebisho hayo si ya kubeza. Hata hivyo leseni imebaki, na mtu mwenye leseni ya mwaka mmoja hahitaji kutishwa mara kwa mara.

Kwa hiyo anayesoma kabla yupo, ila si afisa. Ni mmiliki mwenye biashara nyingine zinazohitaji vibali. Ni meneja wa matangazo, anayejua ni taasisi gani ya umma inadaiwa na gazeti na itachelewesha malipo ikikasirika. Ni mwenye mtambo: katika kesi ya uchochezi iliyoanza 2011 kwa sababu ya makala ya Tanzania Daima, mshitakiwa mmojawapo alikuwa meneja wa kampuni nyingine kabisa, iliyolichapa tu gazeti hilo. Washitakiwa wote waliachiwa huru mwaka 2014, lakini wenye mitambo hawahitaji hukumu ili waelewe. Zaidi ya wote, ni mimi.

Nami silaha yangu kubwa haimo katika sheria yoyote ya ukandamizaji. Ni kanuni njema kabisa ya taaluma, ile ya kubalansi stori, yaani kuweka na upande wa anayeandikwa. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana hata wenzetu wanaotoka nje kuja kutufundisha uhuru wa habari huisifia kanuni hii bila kuuliza inafanyaje kazi katika ofisi zetu.

Chukua korespondenti wa wilayani aliyepata habari ya mradi wa maji ambao mabomba yamelazwa, fedha zimelipwa na maji hayatoki. Ana picha, ana wananchi, ana nakala ya barua. Anampigia mhandisi, anajibiwa: “Mimi si msemaji, mtafute mkurugenzi.” Mkurugenzi yuko kwenye kikao Dodoma. Anamtumia ujumbe mfupi, na anaona kabisa umesomwa. Anamtafuta mkuu wa wilaya, anaambiwa kwa upole: “Kijana wangu, njoo ofisini tuzungumze,” na akifika ofisini anakuta mkuu amekwenda ziara. Jioni stori inafika mezani kwangu. Ninaandika kile ninachoandika siku zote: haijabalansi, rudisha. Kesho yake hali ni ile ile, na wiki ikiisha habari imechacha.

Kanuni haisemi hivyo. Kanuni inasema mpe mtuhumiwa nafasi ya haki ya kujibu, na akikataa, andika kwamba ametafutwa na hakujibu. Ninaifahamu, nimeifundisha. Lakini kivitendo tumeigeuza kuwa kura ya turufu ya yule anayeandikwa: asipopokea simu, habari haitoki, na maafisa wameshalijua hilo muda mrefu kuliko sisi. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa hadi siku 30 za kujibu ombi. Ni muda mzuri kwa mtafiti, kwa gazeti la kila siku ni mzaha. Kinachoniudhi ni kwamba mtu akikosoa uamuzi wangu nina jibu safi la kitaaluma. Sikukandamiza chochote, nilizingatia maadili.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya maadili havilisemi. Ninaporudisha stori kama hiyo, sina uhakika kama nimeirudisha kwa sababu ina upungufu au kwa sababu ya leseni. Stori yenye chanzo kimoja inayomhusu mfanyabiashara wa Kariakoo huenda ningeipitisha kwa kuipunguza makali. Ya waziri nataka vyanzo vitatu na nyaraka. Wakati mwingine huo ni uhariri bora kabisa, na mara nyingine ni woga uliovaa suti. Kwa ndani viwili hivi vinafanana mno, na hata sheria zote zikifutwa kesho, sidhani kama mkono wangu utabadilika keshokutwa.

Gharama hailipwi na mimi. Korespondenti wengi hulipwa kwa stori iliyochapwa, si kwa iliyorudishwa, na nauli ya bodaboda kwenda kuliona bomba lisilotoa maji ilitoka mfukoni mwake. Wapo waliolipa zaidi ya nauli: Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti kutoka Kibiti wakati wa mauaji ya huko, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Aliyebaki wilayani anapiga hesabu. Semina ya halmashauri ina posho, haina haja ya kubalansiwa, na inachapwa kesho yake. Ndiyo maana kila asubuhi, kwenye kikao cha wahariri, orodha ya stori za mikoani hujaa uzinduzi na ziara, nasi tunalalamika kwamba korespondenti wetu ni wavivu, ilhali hakuna kati yetu awezaye kujua ni habari gani waliamua kutoituma.