Ukienda kuhubiri Japani, jiandae na swali la marehemu

Safari yangu ya kwanza Japani, wiki ya pili hivi, bibi mmoja wa Fukuoka alitukaribisha chai kwake, mi na mchungaji mwenyeji aliyekuwa ananitafsiria. Kona ya sebule kulikuwa na kabati dogo jeusi la mbao milango iko wazi, ndani picha ya mzee, kibakuli cha wali bado unatoa mvuke na kikombe cha chai. Wanaita butsudan, ndo madhabahu ya nyumbani ya Kibudha, na yule mzee ni marehemu mume wake. Mi bila kujiuliza nikaanza na Yohana 3:16 kama nilivyozoea huku Moshi. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kimya, anatikisa kichwa taratibu, halafu akauliza: "Sasa huyu wangu hakuwahi kusikia haya. Yeye yuko wapi?"

Nilikwama jamani. Jibu la darasani nilikuwa nalo, ila unampaje mtu jibu la darasani na wali wa mumewe haujapoa.

Kumbe swali lenyewe ni la zamani kweli. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alifika Kagoshima huko Japani mwaka 1549, na kwenye barua yake ya 1552 anaeleza jinsi waliobatizwa walivyokuwa wanalia kwa ajili ya wazazi na babu zao waliokufa kabla, wanamuuliza kama hakuna namna ya kuwasaidia huko waliko. Karibu miaka 500, na mi naingia na Biblia yangu kama vile ndo naanzisha kazi.

Xavier huyohuyo alipata shida nyingine ya kuchekesha kidogo. Mkalimani wake alimtafsiria Mungu kama Dainichi, na hilo ni jina la Buddha mkubwa wa madhehebu ya Shingon, kwa hiyo watawa wa kule wakampokea vizuri tu, wakijua ni mwenzao. Aliposhtuka akabadilisha akaanza kusema Deus. Siku hizi wanasema kami, lakini hata hapo usidhani umemaliza. Sisi tuna Mungu na miungu, mtu akisikia anajua unaongelea mmoja au wengi, Kijapani hakina hiyo tofauti, kami ni mmoja, kami ni wengi, na kuna kami wa mlima, wa mto, wa mti mkubwa. Halafu neno lao la dhambi, tsumi, ndo hilohilo la makosa ya jinai. Ukimwambia mzee wa watu ana tsumi anashangaa, maana hajawahi hata kukamatwa na polisi.

Na usidanganyike na upole wao. Mtu akikwambia "tutalifikiria" ujue imeisha hiyo, amekukatalia kwa heshima. Neno dini lenyewe linawatia wasiwasi, hasa tangu kundi la dini la Aum Shinrikyo lilipomwaga gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo mwaka 1995, kwa hiyo kugonga milango ya watu na vipeperushi mi nilishaacha, unawatisha tu.

Kilichonifungua macho ni Nagasaki. Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, watu wakalazimishwa kukanyaga picha za Yesu na Mariamu, waliokataa wengi waliuawa. Waliobaki wakajificha vizazi na vizazi bila padri, mpaka 1865 baadhi yao wakajitokeza kwa padri Mfaransa kwenye kanisa la Oura. Hiyo stori wahubiri tunaipenda sana. Ambayo hatuisemi ni kwamba marufuku ilipoondolewa 1873 wapo waliogoma kurudi kanisani, kwa mfano kule kisiwa cha Ikitsuki, wakaendelea na sala zao zilezile za mafichoni kwa sababu ndivyo walivyoachiwa na wazee wao. Yaani hata Ukristo wenyewe uligeuka kuwa mali ya mababu, na mababu huwaachi.

Mchaga angeshindwaje kuelewa hilo! Sisi makaburi yako kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba, na Desemba mabasi yanajaa watu wanarudi nyumbani. Wao wana Obon, siku za kuwakumbuka marehemu, katikati ya Agosti sehemu nyingi, treni zinafurika, familia zinaenda kuosha makaburi na kuweka maua. Babu yangu alikuwa anamwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo chini kabla hajanywa, na mi nilibatizwa nikiwa mdogo lakini sijawahi kumwona babu kama mtu mjinga. Nikaanza kuwasimulia hiyo badala ya Yohana 3:16, na watu wakaanza kuongea, tena wao wenyewe wananionyesha picha za wazazi wao.

Yule bibi nilirudi kwake safari ya pili. Nikamwambia ukweli, kwamba mumewe yuko wapi mi sijui, ila Ibrahimu aliuliza, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" na mi nimeshikilia hapo. Akanyamaza muda mrefu, nikajua ndo tayari "tutalifikiria." Halafu akaniuliza babu yangu alikuwa anapenda kula nini.

Nikamwambia ndizi na nyama. Agosti tukaenda wote makaburini, mi nimebeba ndoo ya maji, yeye maua, akawasha ubani na mi nikasimama pembeni nikiomba kimoyomoyo. Mwenyeji wangu hakufurahia sana, tulibishana njia nzima ya kurudi na mpaka leo hatujamaliza.