Je, wajua kwa nini mzizi haufyonzi maji ovyo kama sifongo?

Chovya sifongo kwenye maji ya chumvi: itafyonza maji pamoja na chumvi yake. Mzizi nao umezungukwa na maji yenye chumvichumvi za kila namna, nyingine za sumu, lakini wenyewe huchagua. Huchagulia wapi?

Wengi tungesema kwenye ngozi. Kumbe ngozi ya mzizi, yaani epidemisi, imeumbwa zaidi kwa kupokea. Seli zake nyingi hurefuka zikawa vinyweleo vinavyojipenyeza katikati ya chembe za udongo, na kila kinyweleo ni seli moja tu. Mwaka 1937 Howard Dittmer, mwanabotania wa Marekani, alitoa hesabu ya mmea mmoja wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, uliokuwa na umri wa miezi minne. Alikadiria vinyweleo bilioni 14, vyenye eneo la mita za mraba 400 hivi. Mpaka mrefu kiasi hicho ni mgumu kuulinda.

Chini ya ngozi ipo koteksi, seli nene za kuhifadhi wanga zilizopangika kwa kuachiana nafasi. Hapa maji yana njia mbili. Yanaweza kuingia ndani ya seli, na kuingia huko ni lazima yavuke utando unaochuja. Au yapite njia ya panya: yapenye kwenye kuta na mianya kati ya seli bila kuingia seli yoyote.

Njia hiyo ya panya hufungwa kwenye endodemisi, safu moja tu ya seli inayozunguka kitovu cha mzizi. Kuta zinazozigusanisha seli hizo zimezibwa kwa mkanda wa lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu. Mkanda huo unaitwa wa Caspary, kwa jina la Robert Caspary, Mjerumani aliyeueleza karne ya 19. Ukifika hapo, huna budi kupita ndani ya seli na kukaguliwa. Ndipo maji huingia kwenye zailemu, mabomba ya kuyapandisha juu.

Mkanda huo pia huzuia madini yaliyokwisha kuingia yasivuje kurudi nje. Usiku, madini hayo yakirundikana, huvuta maji, na msukumo ukapanda. Matone unayoyakuta alfajiri yamejipanga kwenye kingo za majani mara nyingi si umande. Ni maji yaliyosukumwa kutoka chini.

Ila ulinzi huo una tundu. Tawi la shina huchipuka karibu na uso, lakini tawi la mzizi huzaliwa ndani kabisa, kwenye perisaiko, safu iliyo nyuma ya endodemisi, kisha hutoboa njia hadi nje. Linapotoboa, mkanda hukatika kwa muda, na baadhi ya bakteria wa magonjwa huingilia papo hapo.