Mkwamo wa Kusoma, na Jinsi Mpenzi wa Fantasia Anavyoutoka

Mkwamo wa kusoma ni kipindi ambacho msomaji aliyezoea kumaliza kitabu na kushika kingine anashindwa kusoma, ingawa muda anao, vitabu anavyo, na hamu haijamtoka. Anafungua kitabu, anasoma aya mbili, anairudia ya kwanza, kisha mkono unaenda kwenye simu. Kesho yake anajaribu kitabu kingine, mambo ni yale yale. Mwenye duka wa Kondele anayefunga saa tatu usiku na kupitiwa na usingizi kitabu kikiwa kifuani hajakwama; amechoka, na dawa yake ni kulala. Aliyekwama ni yule aliyepanda matatu Nakuru akiwa na riwaya mkononi, akaifungua kabla ya Salgaa, na akitazama nje anaona mashamba ya chai ya Kericho na yeye bado yuko ukurasa ule ule.

Tutenganishe jambo lingine mapema. Mtu ambaye kila kitu kimemchusha, chakula, marafiki, kazi, mpira, na hali hiyo imeendelea kwa majuma, asijiambie kwamba amekwama kusoma. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo hupelekwa kwa daktari au mshauri nasaha. Ninayemzungumzia hapa ni mtu ambaye maisha yake mengine yanakwenda. Ni vitabu tu vilivyomgomea.

Mkwamo humpata msomaji yeyote, lakini naona wapenzi wa fantasia huumia zaidi, na sababu imo ndani ya utanzu wenyewe. Riwaya ya fantasia huanzia kwenye jambo lisilowezekana katika maisha yetu, uchawi, mazimwi, nchi isiyo kwenye ramani yoyote, kisha hulishika jambo hilo kwa dhati na kuliwekea sheria. Sheria ndizo zinazoitofautisha na ndoto. Katika ndoto lolote laweza kutokea na hakuna anayeuliza. Katika fantasia iliyoandikwa vizuri, mchawi akipaa angani ukurasa wa 30, lazima kuwe na sababu ya yeye kutembea kwa miguu ukurasa wa 200.

Sheria hizo msomaji hujifunza kwa jasho. Kurasa 60 za mwanzo, wakati mwingine 100, hujaa majina ya falme, nasaba za wafalme, miungu wawili watatu, namna ya kuhesabu miezi, na ramani unayoirudia kila mara kwa kidole ili ujue kaskazini ni wapi. Hicho ndicho kiingilio cha fantasia, na mpenzi wa utanzu huu hukilipa kwa hiari kwa sababu anajua uwanjani kuna mchezo mzuri. Shida inakuja na misururu. Fantasia nyingi huandikwa vitabu vitatu, vitano, hata kumi vinavyofuatana. Ukifika kitabu cha nne hudaiwi chochote tena. Unaingia kama mwenyeji: mlinzi wa lango unamjua, nani ana deni la nani unajua, na utani wa wahusika unaucheka kabla haujaisha. Kisha msururu unakwisha. Unashika kitabu kipya, nacho kinakudai kiingilio kizima upya, kwa ajili ya watu usiowajua wala kuwapenda, na moyo wako bado uko kwa wale uliowaaga juzi.

Hapo ndipo mkwamo ulipo. Msomaji hudhani amepoteza uwezo wa kusoma, au kwamba vitabu vizuri vimekwisha. Kumbe analinganisha ukurasa wa 20 wa kitabu kipya na ukurasa wa 1,800 wa msururu aliouzoea, na hakuna kitabu duniani kinachoweza kushinda mashindano hayo.

Kwetu Kenya kuna chanzo cha pili, nacho kinaniuma. Wengi wetu tulifunzwa kusoma riwaya kalamu ikiwa mkononi. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Bainisha tamathali mbili za usemi. Kitabu cha kutahiniwa husomwa na kurudiwa kwa hofu, na mwanafunzi akishatoka kwenye karatasi ya fasihi katika Kidato cha Nne hukifunga kama anayefunga kesi. Hata anayependa mazimwi na mapanga ya kichawi hubaki na sauti ya darasani kichwani: maudhui ni yapi, mwandishi anatufunza nini? Uhakiki una nafasi yake, na mimi naupenda. Lakini aliyekwama ana haki ya kusoma kitabu bila kukitafutia funzo. Ningemwomba kila mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi kitabu kimoja kwa muhula ambacho hakitaulizwa swali hata moja.

Tukielewa hivyo, kutafuta riwaya mpya kunabadilika. Orodha za vitabu bora hazimsaidii sana aliyekwama, kwa sababu zinajibu swali ambalo hakuliuliza. Swali lake ni hili: katika kile nilichomaliza, ninakosa nini hasa? Wasomaji wawili wanaweza kulilia kitabu kimoja kwa sababu zisizokutana. Njia rahisi ninayoijua ya kujipima ni kurudi kwenye hadithi uliyoijua kabla ya vitabu, na kuangalia ni sehemu gani iliyokuganda.

Chukua Lwanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Wajaluo, ambaye mtoto wa Kano, karibu na Kisumu, humsikia kabla hajajua kusoma. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi, ambao Wajaluo wa zamani waliwaita Lang'o, ilimpiga ikavunjika. Walipochoka kushindwa, walimpelekea binti mrembo awe mke wake. Siku moja Lwanda Magere akaugua, akamwambia mke huyo asimchanje mwili, achanje kivuli chake na kukipaka dawa. Mke alipochanja, damu ikatoka kivulini. Akaondoka usiku kurudi kwao na habari hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulilenga kivuli. Shujaa akaanguka, akageuka jiwe, na jiwe hilo linaonyeshwa Kano mpaka leo.

Kama kilichokuganda ni kivuli, yaani namna nguvu kubwa ilivyofungwa kwenye udhaifu mmoja uliofichika, na siri ilivyotoka kwa mlango wa tiba, basi wewe ni mtu wa mfumo wa uchawi. Tafuta riwaya ambamo nguvu zina masharti na kila anayezitumia hulipa. Kama unayemfikiria mpaka leo ni yule mke, mwanamke aliyelala nyumba moja na adui wa ukoo wake na siku moja akalazimika kuchagua, wewe unafuata watu, mapenzi na usaliti. Uchawi kwako ni pambo. Na kama unachotaka ni kwenda kuliona jiwe lenyewe, wewe unasomea mahali. Msomaji wa aina hii ndiye anayesimama kando ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay, na kuwaza kijiji kinachosemekana kuzama kwa sababu kilimnyima kikongwe mahali pa kujihifadhi. Ndiye pia anayetazama mvuke wa Menengai pale Nakuru na kukumbuka kwamba ulisimuliwa kuwa roho za wapiganaji wa Kimaasai walioangamia shimoni. Mtu huyu ukimpa riwaya yenye mapigano mazuri na nchi isiyo na harufu wala hali ya hewa, ataiacha sura ya tatu na kujilaumu bure.

Ukishajua unachokosa, punguza kiingilio. Kosa linalorefusha mkwamo kuliko lolote ni kumaliza msururu wa kurasa elfu mbili na kuanza mwingine wa ukubwa huo huo kesho yake. Chagua kitabu kifupi kinachosimama peke yake, au kitabu ambacho nusu ya sheria zake unazijua kwa kuzaliwa.

*Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, inatimiza yote mawili. Ni kitabu chembamba kuhusu nchi inayoning'inia angani, na msingi wake ni kesi mahakamani: Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, hata mbinguni na ardhini. Kila mjumbe ni hadithi kamili, kwa hiyo unaweza kusoma mmoja kwa siku. Wengi wetu tuliipitia tukitafuta mafumbo ya siasa na hatukukaa hata dakika moja kuistaajabia nchi yenyewe ilivyo hewani. *Adili na Nduguze*, ya 1952, ina ndugu waliogeuzwa manyani na jini, na inakwenda kwa kasi ya ngano ya jioni.

Si kila kitabu kifupi kinafaa, lakini. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, ina kurasa chache sana, tena ni kazi ninayoiheshimu mno, ila inamtaka msomaji aliye macho na mvumilivu. Mpe aliyekwama, utamzamisha. *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila, ya 2002, naiweka karibu na hapo: ni safari ya ajabu ndani ya kijiji cha utandawazi, na ina raha nyingi, lakini isubiri mpaka upate pumzi.

Kwa wanaosoma Kiingereza, mtu wa kivuli ana bahati. *A Wizard of Earthsea* ya Ursula K. Le Guin, ya 1968, inamhusu Ged, kijana wa kisiwani mwenye kipaji cha uchawi, ambaye kwa majivuno anakiachilia kivuli kinachomwinda baharini kisiwa hadi kisiwa. Uchawi wa nchi hiyo ni kujua jina la kweli la kila kitu. Si kitabu kirefu, na aliyekua na Lwanda Magere hahitaji kuelezwa kwa nini kivuli ni jambo la kufa na kupona; hapo kiingilio amelipiwa na bibi yake. Anayefuata wahusika, hasa kijana, ampate Nnedi Okorafor: *Akata Witch*, ya 2011, inamfuata Sunny, msichana mwenye ulemavu wa ngozi huko Nigeria, anayegundua pamoja na rafiki zake kwamba ana nguvu za kichawi. Na anayependa msafara wa maajabu yasiyopumzika ana *The Palm-Wine Drinkard* ya Amos Tutuola, ya 1952, ambayo Kiingereza chake kina mwendo wa msimulizi aliyekaa mbele yako.

Kuvipata ndiyo kazi nyingine. Katika maktaba za umma, Kisumu, Nakuru au Kakamega, usitarajie rafu iliyoandikwa fantasia. Mara nyingi riwaya hupangwa pamoja kwa jina la mwandishi, na nyingine huwa upande wa watoto, ambako mtu mzima huona haya kuingia. Ingia. Ukimwendea mkutubi au muuza vitabu vya mtumba, usimwambie tu kwamba unataka kitu kizuri. Mwambie ulichokikosa: nataka hadithi ya msafara, ya watu wachache wanaotaniana njiani, isiyo na vita vingi. Muuzaji mzoefu hukumbuka vitabu kwa namna hiyo, na hata kama hakijui kimoja, atakuonyesha vinne vya kupekua.

Simu nayo ni maktaba. Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa 1971, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani, zikiwemo fantasia za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ambazo ndizo mababu wa hizi za leo. Faili la riwaya nzima isiyo na picha mara nyingi halifiki megabaiti 1, kwa hiyo hata bando la mwisho wa siku linatosha. Tahadhari yangu ni moja: zima intaneti ukishapakua.

Ukishapata kitabu, kipe muda wenye mpaka. Mkutubi Nancy Pearl wa Seattle, Marekani, ana kanuni yake maarufu: soma kurasa 50, na kisipokushika kiache; ukiwa na zaidi ya miaka 50, toa umri wako kutoka 100, na zitakazobaki ndizo kurasa za kusoma kabla ya kukiacha. Kwa fantasia nene naona kurasa 50 ni chache, maana bado uko mlangoni. Lakini wakati wa mkwamo ifuate kama ilivyo, na ukikiacha kitabu usikihukumu. Kiandike pembeni, ukijaribu tena baada ya mwaka mmoja. Kurudia riwaya uliyoipenda pia kunaruhusiwa kabisa. Wapo wanaosema huko ni kukimbia. Mimi naona mtu anayerudia kitabu anasoma, na anayesoma hajakwama.

Kwa wanaonunua vitabu vya mtumba kuna mtego mmoja wa kuuepuka. Fantasia huuzwa kwa misururu, na kinachofika barabarani mara nyingi ni kitabu cha pili au cha tatu, chenye jalada zuri lisilosema lolote kuhusu namba yake. Kabla ya kutoa pesa, fungua kurasa za kwanza kabisa, pale inapoorodheshwa kazi nyingine za mwandishi, na uone hicho ulichoshika kimekaa wapi. Kama ni cha pili na cha kwanza hakipo, mrudishie mwenyewe.

Na siku kurasa zikianza kusonga tena, ukakitamani kile kinene ulichokikwepa, usikianze kwa kurasa tano tano kila usiku; majina yatakutoka kabla hujayazoea. Kitengee Jumamosi moja, soma sura zote za mwanzo kwa mkao mmoja au miwili, ramani ikiwa wazi kando yako, na ukiwa na karatasi ya kuandikia nani ni nani.