Linux Kuitambua Kadi ya Sauti: Maana Yake ni Ipi?

Mtu akilalamika kwamba Linux haitambui kadi yake ya sauti, huenda anazungumzia moja kati ya mambo manne, na dawa ya moja haitibu jingine. Kwanza kerneli, yaani kiini cha Linux, hukiona kifaa kwenye basi (njia ya mawasiliano ndani ya kompyuta) ya PCI au USB. Pili hukipatia dreva, programu inayokiendesha. Tatu dreva huisoma kodeki, chipu inayogeuza namba kuwa sauti. Nne hujua pini ipi ya chipu hiyo inakwenda kwenye spika, ipi kwenye tundu la hedifoni, ipi kwenye maikrofoni. Kwa laptopu, matatizo mengi hukaa ngazi hiyo ya nne, lakini watu hukimbilia kutafuta dreva ya kupakua. Hakuna dreva ya kupakua: dreva za ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, zimo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003.

Kwa ngazi mbili za kwanza, andika hii kwenye terminali:

lspci -nnk | grep -iA3 audio

Tazama jozi ya namba iliyo ndani ya mabano ya mraba. Upande wa kushoto ni mtengenezaji (8086 ni Intel, 10de ni NVIDIA, 1002 ni AMD), upande wa kulia ni kifaa chenyewe. Kerneli haijali jina la kibiashara. Hulinganisha namba hizo na orodha iliyomo katika kila moduli, yaani faili la dreva. Mstari wa "Kernel driver in use" usipokuwepo, ama kerneli ni ya zamani kuliko kifaa, ama kuna faili ndani ya /etc/modprobe.d lenye neno blacklist linaloizuia moduli. Kifaa kisipoonekana kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Linux kuwaka) uone kama sauti imezimwa. Kadi za USB hutazamwa kwa lsusb, na nyingi hupokelewa na snd-usb-audio bila usumbufu.

Dreva ikiwepo, soma /proc/asound/cards. Faili hili, lenye orodha ya kadi, ni la kuaminika kuliko amri ya aplay -l, kwa sababu aplay husema hakuna kadi hata pale ambapo tatizo ni ruhusa za mtumiaji tu.

Laptopu nyingi za Intel zenye maikrofoni za kidijitali hutumia dreva ya SOF (Sound Open Firmware), na hiyo haifanyi kazi bila famwea, programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe. Ikikosekana, mipangilio ya sauti huonyesha "Dummy Output" peke yake, na sudo dmesg | grep -i sof hutoa kosa lenye -2, yaani faili halikupatikana. Sakinisha firmware-sof-signed kwenye Debian au Ubuntu, alsa-sof-firmware kwenye Fedora, sof-firmware kwenye Arch, kisha washa upya. Ipo njia ya mkato inayopendekezwa ovyo, mstari huu ndani ya faili la /etc/modprobe.d: options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1. Inalazimisha dreva ya zamani. Spika zinaweza kurudi, lakini maikrofoni ya ndani inapotea.

Sasa pini. Kila pini ya kodeki ina namba iliyoandikwa na BIOS kueleza imeunganishwa na nini, na dreva huiamini namba hiyo. Fungua /proc/asound/card0/codec#0 utafute mistari ya "Pin Default". Thamani kama 0x90170110 ni spika ya ndani. 0x411111f0 maana yake pini haijaunganishwa na kitu. Ikiwa spika ipo lakini BIOS imeandika hiyo ya pili, dreva haitaigusa, na wala haitatoa kosa lolote. Ndiyo maana tatizo hili huwachosha watu. Sakinisha alsa-tools-gui, endesha programu yake ya hdajackretask, onyesha pini zisizounganishwa, ibadilishe moja kuwa spika ya ndani, ujaribu. Ikikubali, bonyeza "Install boot override" ili mabadiliko yadumu.

Njia nyingine ni kuitajia dreva aina ya marekebisho, kwa mstari wa options snd-hda-intel model=... ndani ya faili la /etc/modprobe.d. Majina halali yamo kwenye nyaraka za kerneli. Jina la kubuni halisaidii. Mtego uko hapa: sauti ya HDMI nayo mara nyingi hutumia snd-hda-intel. Ikiwa HDMI ndiyo kadi ya kwanza, jina uliloandika linakwenda kwake. Tanguliza koma, model=,jina, ili liende kwa kadi ya pili. Kama kompyuta ina Windows pia, izime kabisa kabla ya kujaribu, maana kuwasha upya tu kunaweza kuiacha kodeki katika hali iliyoachwa na Windows.

Kabla ya yote hayo, lakini, fungua alsamixer kwenye terminali, chagua kadi kwa F6, na palipoandikwa MM (sauti imezimwa) bonyeza M. Kisha funga programu zote zinazopiga sauti, uijaribu kadi moja kwa moja, ukibadilisha namba kulingana na aplay -l:

speaker-test -c2 -D plughw:0,0

Ukisikia mlio, dreva haina kosa. Fungua pavucontrol, programu ya mipangilio ya sauti, sehemu ya Configuration, uchague profaili sahihi ya kadi hiyo.