Anayecheza na Anayelala Hawasikii Ngoma Moja

Malalamiko ya kelele za kumbi na shughuli za mitaani hapa Bagamoyo yanazidi kufika mezani kwetu, na utetezi ni uleule: "Mbona sisi tulikuwepo na hatukuona kelele?" Tunaamini msemaji hadanganyi. Ila alikuwa anacheza, na mwili unaocheza hubadili namna sikio linavyosikia.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, waliwasikilizisha watoto wa miezi 7 mdundo wa mapigo sita usio na pigo zito. Wengine walirushwarushwa kila pigo la pili, wengine kila la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea mdundo wenye pigo zito pale mwili uliporushwa. Waliofungwa macho, vivyo hivyo. Waliomtazama tu mtu mzima akirukaruka, hapana. Mama anayecheza mdundiko na mtoto mgongoni hahitaji maabara kuelewa: goti linapoinama, ndipo pigo lilipo. Kiungo cha mizani ya mwili kimo humohumo ndani ya sikio, kimepakana na kile cha kusikia.

Tena ubongo hufifisha sauti inayotokana na mwili wenyewe. Makofi yako hayakushtui. Ya mwenzako nyuma ya kisogo yanakurusha. Kwa hiyo mpiga ngoma si shahidi mzuri wa ukubwa wa ngoma yake, na tunaomba asiletwe ofisini kwa kazi hiyo.

Aliyelala chumbani, mwili umetulia, hana hata pigo moja alilolichagua. Tafadhali tuache kusema "jirani ana wivu".

Utaratibu: anzia serikali ya mtaa, kwa maandishi, ukitaja tarehe, saa ya kuanza na ya kumalizika, na mahali ulipokuwa. Isiposaidia, nenda halmashauri kwa afisa mazingira, ukiwa na nakala ya barua ya kwanza (nakala, si masimulizi yake). Video ya simu haipimi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti). Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na viwango vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Anayekiuka anaweza kupewa amri ya kusitisha, faini au kufikishwa mahakamani.

Mwenye ukumbi naye ajue kwamba kipima sauti hakichezi ngoma. Kikisoma desibeli 100, ni 100, hata kama watu wote uwanjani wanasema muziki uko chini.