Je, wajua kwa nini magoti ya watoto wengine hugongana na hayanyooki?

Mtoto wa miaka 3 au 4 akisimama magoti yakagusana huku vifundo vya miguu vimeachana, mara nyingi hana ugonjwa. Watoto huzaliwa na matege, yakanyooka kwenye miaka 2, miguu ikageukia upande wa pili, kisha ikatulia kufikia miaka 7 hivi. Cha kutilia shaka ni magoti yanayozidi kugongana baada ya hapo, hasa kwa mtoto mfupi kuliko wenzake.

Chukua ugonjwa wa Morquio, ugonjwa wa kurithi ambao ni moja ya sababu, ulioelezwa mwaka 1929 na Luis Morquio huko Montevideo, na mwaka huohuo na James Brailsford wa Birmingham. Mtoto hurithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, nao wenyewe ni wazima. Kimeng'enya cha kuvunja keratani salfeti, aina ya sukari ndefu ya mwilini, hakifanyi kazi, kwa hiyo inarundikana ndani ya gegedu. Na mfupa hurefuka kwenye tabaka za gegedu karibu na ncha zake, ziitwazo mabamba ya ukuaji. Karibu theluthi mbili ya urefu wa mguu hutoka kwenye mabamba ya ukuaji yanayozunguka goti. Ligamenti nazo hulegea. Goti likishaingia ndani, uzito huelemea upande wa nje, gegedu inayobanwa hapo hudumaa, ya ndani inaendelea kukua, na pembe inaongezeka. Viatu maalumu havigusi chanzo hicho, wauzaji waseme watakavyo.

Kupima ni rahisi. Mlaze chali, pia za magoti zitazame juu, magoti yagusane bila kubanwa, kisha weka futi kamba kati ya vifundo vya ndani. Ikizidi sm 8, apigwe eksirei ya miguu yote akiwa amesimama.

Akiwa bado anakua, daktari hufunga kibati chenye skrubu 2 upande wa ndani wa bamba la ukuaji, ili upande wa nje uufikie. Kwa Morquio mfupa hukua polepole, hivyo kunyooka huchukua muda na kupinda kunaweza kurudi. Kwa watoto wengine hatari ni kutorudi kliniki: mguu hupitiliza ukawa tege. Ukuaji ukiisha, hubaki kukata mfupa na kuupanga upya.

Lakini kwa mtoto mwenye Morquio, kabla ya nusu kaputi shingo ipigwe picha. Kijino cha pingili ya pili hapo huwa hakijakua vizuri, na kuirudisha shingo nyuma wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia kooni kunaweza kubana uti wa mgongo na kumpoozesha mtoto. Mwambieni mtaalamu wa usingizi mapema, si asubuhi ya upasuaji.