Asidi huanzia kwenye ioni yake

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ninaposahihisha kazi za wanafunzi ni asidi salfuriki kuandikwa HSO₄. Mwenyewe alikariri fomula, namba moja ikamdondoka njiani, na hakuwa na njia ya kugundua kwamba imedondoka.

Mimi fomula za asidi sizikariri. Nimehifadhi ioni hasi (chembe zenye chaji hasi ya umeme) na chaji zake, basi. Salfeti ni SO₄²⁻. Ioni ya hidrojeni ni H⁺, yenye chanya moja. Kwa kuwa asidi nzima haibebi chaji, hasi mbili za salfeti zinadai hidrojeni mbili: H₂SO₄. Nitreti, NO₃⁻, inadai moja: HNO₃. Fosfeti, PO₄³⁻, inadai tatu: H₃PO₄. Linganisha salfeti na fosfeti: zote zina oksijeni nne, ila hidrojeni zao hazilingani. Oksijeni hazina kauli hapa, mwenye kauli ni chaji.

Jina nalo hufuata mkia wa ioni. Ioni ikiishia na -eti, asidi yake huishia na -iki. Ikiishia na -aiti, asidi huishia na -asi. Nitreti hutoa asidi nitriki, nitraiti (NO₂⁻) hutoa asidi nitrasi, HNO₂. Salfa na fosforasi hurudisha silabi zao zilizokatwa, ndiyo maana tunasema salfuriki na fosforiki, si "salfiki" wala "fosfiki".

Mkia -aidi ndio wenye kisa. Kloraidi hutoa asidi hidrokloriki, HCl. Sianaidi (CN⁻) hutoa asidi hidrosianiki, HCN. Wengi huuliza: "hidro" ya nini, wakati asidi zote hizi zina hidrojeni? Mwanakemia Mfaransa Lavoisier aliamini kwamba oksijeni ndiyo inayoifanya asidi iwe asidi, na hata jina "oksijeni" alilolijenga kwa Kigiriki maana yake ni mzaa asidi. Mwaka 1810 mwanakemia Mwingereza Davy akaonyesha kwamba klorini ni elementi, kwa hiyo ndani ya HCl hamna oksijeni hata chembe. Ndiyo maana mimi nikiona "hidro" husoma "haina oksijeni". Na jina "asidi hidrokloriki" ni la HCl iliyoyeyushwa katika maji. Ikiwa gesi kavu ni hidrojeni kloraidi.

Ukitaka kujipima, chukua familia ya klorini: HClO ni asidi hipoklorasi, HClO₂ klorasi, HClO₃ kloriki, HClO₄ perkloriki. Oksijeni zinapanda kutoka moja hadi nne, hidrojeni imebaki moja, kwa sababu kila ioni hapo ina hasi moja tu.

Kurudi nyuma ni njia ileile. Asidi salfurasi: -asi inatuambia ioni ni salfaiti, SO₃²⁻, kwa hiyo H₂SO₃. Usiiache chaji ile hata kidogo, maana SO₃ bila chaji ni kitu kingine kabisa, salfa trioksaidi.

Asetiki ndiyo hupenda kukaidi mpangilio. Ioni yake, asetati, ni CH₃COO⁻ (mkia uleule, umevaa matamshi mengine), na fomula huandikwa CH₃COOH, hidrojeni ya asidi ikiwa mwishoni. Ukihesabu utapata hidrojeni nne. Inayotoka kama H⁺ ni hiyo moja ya mwisho. Tatu zilizoshikana na kaboni hazibanduki.